Alama za Bunduki ya Aidan

Kunegunda hakuwahi kuipenda ile bunduki. Kwa miaka kumi na tisa aliishi Mshangano, mjini Songea, na kaka yake Aidan, yeye mjane, kaka hakuoa kabisa, na haikupita wiki bila bunduki kuwekwa mezani. Lilikuwa gobore fupi la babu yao, lililofichwa miaka mingi darini huko Lusewa. Aidan, fundi magari mstaafu, alilisugua kwa mafuta ya taa mpaka alama zikajitokeza.

"Ona, Kune. Taji hili. Chini yake mwaka, 1859. Na pete hii ya ubavuni ni ya kuning'inizia kwenye mkanda wa begani. Hii ni bunduki ya mpanda farasi."

"Farasi gani Lusewa, kaka? Ondoa hilo dude, mboga ya likolo inapoa."

Aidan alifariki Machi, kwa ugonjwa wa moyo. Matanga yakaisha, jamaa wakarudi Namtumbo. Kunegunda alidhani kimya kitampumzisha. Badala yake akajikuta anakula amesimama jikoni, kwani kukaa peke yake mezani kulimshinda.

Juni, baada ya misa, likasomwa tangazo: mwenye silaha isiyo na kibali aisalimishe polisi, hatashtakiwa. Jumatatu akalifunga gobore kwenye kitenge, akapanda bajaji hadi kituoni.

Afande aliyempokea aliitwa Judica, mwenyeji wa Same, mgeni bado Songea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Judica alifungua kitenge, akabaki ameshika kalamu. Fomu ilitaka alama zote, naye hakujua aanzie wapi.

"Andika," Kunegunda akasema. "Taji kwenye bamba la ubavuni, chini yake 1859. Fataki inakaa hapa. Nyundo ikiipiga, baruti inawaka. Mdeki huu wa kushindilia umefungwa kwa bawaba, mpanda farasi asiudondoshe akiwa mbioni. Kwenye shaba ya kitako kuna herufi mbili na namba 47. Herufi ni za kikosi, namba ni ya bunduki yenyewe."

Alijishangaa. Miaka yote alidhani hasikilizi, kumbe kila neno lilikuwa limemkaa kichwani.

"Mama, ulikuwa jeshini?"

"Hapana. Ni kaka yangu alikuwa akinieleza."

"Mbona hukuja naye?"

Kunegunda alichukua kitenge, akakikunja, akakikunja tena.

"Amefariki. Na mimi sikumwuliza hata swali moja."

"Pole sana, mama," Judica alisema, akamsogezea kiti. Kunegunda alikaa pale mpaka watu waliokuwa nyuma yake wakaanza kukohoa.

Aliambiwa kwamba, kwa kuwa bunduki ni ya kale, watu wa makumbusho wataitazama kwanza, kisha watampigia. Tangu siku hiyo akawa anatembea na simu hata shambani. Mwezi Agosti, akiwa anapukuchua mahindi, ikalia. Mwanamume mmoja wa makumbusho aliuliza kama anajua maana ya mikwaruzo sita iliyo kwenye mti wa kitako.

"Hiyo ilimshinda hata kaka," akajibu. "Yeye alifikiri ni wanyama waliowindwa. Mimi naona ni miezi. Mtu alikuwa mbali na kwao, akawa anahesabu."

"Sawa, bibi. Nimeandika. Asante."

"Na ile pete..." alianza Kunegunda, lakini simu ilikuwa imeshakatwa. Akaiweka juu ya gunia, akaendelea kupukuchua.