Ngumi za Kaka Yangu na Kizimba cha Jumapili

Wavuvi wa dagaa hapa Ujiji hurudi kutoka ziwani alfajiri. Wakishashusha mzigo na kuwaachia wanawake waanike, wananawa miguu nusunusu, na kama ni Jumapili wanakuja kwangu. Nina kibanda umiza alichoniachia marehemu mume wangu: mabenchi, runinga moja kubwa na feni inayozunguka ikijisikia. Saa moja asubuhi, majirani Wakristo wakijiandaa kwenda kanisani, Marekani bado ni Jumamosi usiku, na huko wanaume wawili wanaingia kwenye kizimba cha wavu na kufungiwa mlango wapigane kwa ngumi, mateke na kukabana. Banda linajaa hadi madirishani. Linanuka dagaa wabichi na jasho, nami nimeshazoea.

Watu huniuliza kwa nini kizimba kimezipiku ngumi. Sababu zipo nyingi. Pambano la kizimba ni fupi na mwisho wake hauna ubishi: aliyekabwa shingo akishindwa anapigapiga sakafu, yamekwisha. Kwenye ngumi raundi zinaisha, waamuzi wanatoa kadi zao, na nusu ya banda inatoka ikitukana. Mikanda nayo imezidi, kila bondia ni bingwa wa kitu fulani. Halafu kuna simu. Teke moja la kichwa linaenea kwenye kipande cha sekunde chache, mtu anawarushia wenzake kabla chai haijapoa. Ngumi nzuri inakutaka utulie, uone mguu uliotangulia, na nani ana muda huo?

Lakini hapa kwetu sababu kubwa ni saa. Ngumi za Dar es Salaam zinaonyeshwa Jumamosi usiku, na Jumamosi usiku wateja wangu wako katikati ya ziwa, wamewasha taa wanavuta nyavu. Usiku wanakuwa nchi kavu siku za mbalamwezi tu, maana mwezi ukiwaka dagaa hawazifuati taa. Siku hizo ninaonyesha ngumi, na watu wanakuja. Si kama Jumapili, lakini wanakuja.

Kaka yangu hakulijua hilo. Yeye ni mkubwa wangu, alikuwa karani bandarini Kigoma mpaka alipostaafu, na hajawahi kulala ziwani hata siku moja. Siku zake zilikuwa za kalenda ya ukutani. Ngumi alifundishwa na baba yetu, aliyevuka kutoka Kongo akiwa kijana, na kaka naye akawafundisha wengine miaka na miaka kwenye ua wa nyuma ya banda langu, kwa gunia la mchanga na jozi chache za glovu zilizoshonwa upya mara kibao. Wanafunzi walikuwa wengi. Kisha wakapungua. Waliobaki wakaanza kumwomba awafundishe kukaba.

Jumapili moja aliingia katikati ya pambano. Kwenye runinga mtu alikuwa chini, na mwenzake amemkalia kifuani anamshushia viwiko. Kaka alisimama akatazama, kisha akasema kwa sauti, banda zima likasikia, "Umegeuza banda la marehemu shemeji yangu kuwa machinjio. Mtu kaanguka, anapigwa! Na wewe mtoto wa baba yetu unachekelea mlangoni."

Watu walicheka. Mimi uso uliniwaka. Banda lile ndilo lililonilisha tangu nifiwe, na ua anaofundishia ni wangu, sijawahi kumwambia ahame. Mimi si mtu wa kumeza maneno, lakini siku ile niliyameza, na yalinikaa vibaya.

Wiki iliyofuata akaja na karatasi ameiandika kwa kalamu ya wino mzito, akaibandika mlangoni kwangu. Jumamosi fulani, saa kumi alasiri, uwanjani: ngumi za wazi, vijana wa Ujiji na wageni kutoka Kidahwe. Alitaka kuonyesha kwamba ngumi bado zina watu. Hakuniambia hivyo, lakini nilimwona alivyoilainisha ile karatasi kwa kiganja, pembe moja baada ya nyingine.

Niliisoma tarehe. Biashara yangu yote inaenda na mwezi, sikuhitaji hata kutoka nje kutazama. Ilikuwa Jumamosi ya giza, ya usiku usio na mwezi, katikati kabisa ya giza. Saa kumi wavuvi wangekuwa wanapakia nyavu na kuzikagua taa, na saa kumi na moja wangekuwa wameshatoka. Nilijua. Neno moja tu lingetosha: kaka, sogeza mbele wiki mbili. Nikanyamaza. Nilijiambia, aende akaone mwenyewe nani ana watu.

Siku yenyewe nilimpa mabenchi yangu, tena nilisaidia kuyabeba. Ulingo waliuzungushia kamba za nyavu kuukuu. Kengele ilikuwa rimu ya gari. Kaka alivaa shati jeupe la kazini, la enzi za bandari, limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Vijana wa Kidahwe walifika mapema, wamejifunga vitambaa mikononi, wakimwamkia kila mtu mzima, "Shikamoo."

Walikuja wanawake wachache, mzee wa msikitini na watoto wasiohesabika. Mabenchi yalibaki matupu. Kutoka pale uwanjani ziwa linaonekana, na tukiwa raundi ya pili mitumbwi ilianza kutoka, mmoja nyuma ya mwingine, wanaume wote wa Ujiji wakiwa ndani. Kaka hakuitazama. Alikuwa akitazama njia ya sokoni, kila baada ya muda anageuza shingo, kama kuna watu waliochelewa. Alipiga ile rimu kwa kila raundi mpaka mwisho, na akamnyanyua mshindi mkono mbele ya mabenchi matupu. Niliona haya.

Siku tatu baadaye akaja na gunia. Ndani mlikuwa na zile glovu zote.

"Wape hao wako wa kizimba," alisema. "Ulikuwa sahihi kuonyesha kizimba, mdogo wangu. Ngumi zimekufa, nami nilikuwa naosha maiti."

Hata zisingewafaa, maana glovu za kizimba huacha vidole nje. Nilitaka nimwambie hivyo tu, yaishe. Nikashindwa.

"Kaka, zilikuwa siku za giza," nikasema. "Wavuvi walikuwa kazini. Niliijua tarehe tangu ulipoibandika ile karatasi, nikakaa kimya kwa sababu ulinitukana mbele ya watu."

Nilimngoja anifokee. Ningependa anifokee. Badala yake alikaa kwenye benchi, akafikiri, na uso wake ukafunguka taratibu.

"Kwa hiyo wangekuja?"

Hakuniuliza kwa nini. Dhambi yangu haikumshughulisha kabisa. Alichotaka kujua ni hilo tu.

"Wangekuja," nilimwambia, na mpaka leo sijui kama nilisema kweli.

Akaondoka na gunia lake. Jioni hiyohiyo karatasi mpya ikawa mlangoni, safari hii aliniuliza kwanza kuhusu mwezi.

Jumapili iliyofuata banda lilifurika. Raundi ya mwisho ya pambano kubwa, damu imeshaanza kutoka, watu wamesimama juu ya mabenchi. Nikazima runinga.

Sijawahi kutukanwa vile, kwa Kiswahili, kwa Kiha, na kwa lugha za ng'ambo. Niliwaacha wamalize. Kisha nikawaambia kuna ngumi uwanjani, Jumamosi ya mbalamwezi, saa kumi, na kaka yangu ndiye anayeziandaa.

"Tutakuja, mama," wakapiga kelele wote kwa pamoja. "Washa!"

Hilo nililijua, mtu anayetaka runinga ataahidi lolote. Nikaificha rimoti nyuma ya mgongo, nikaanza na benchi la mbele, nikawatazama mmoja mmoja usoni, na sikuwasha mpaka wa mwisho mlangoni aliposema mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba atakuja kutazama ngumi za kaka yangu.