Mama Nani

Hapa maabara tunamwita Mama Nani, na jina kajitafutia mwenyewe. Kazi yake ni kuchunguza vifaa vinavyozungumza kwenye mtandao: printa, kamera za ulinzi, hata birika la umeme linalopokea amri kutoka kwenye simu. Anapandisha miwani kwenye paji la uso, anasogeza sikio kana kwamba kifaa kitamnong'oneza, kisha anakitumia ujumbe wa kupiga hodi. Kikijibu "Karibu" bila kuuliza "Nani?", anakizaba kikofi. "Mjinga wewe! Na mwizi utammiminia chai?" Birika lile limezabwa mpaka mfuniko umelegea.

Jana mlango uligongwa. "Hodi!" Mama Nani, macho kwenye skrini, akaitika, "Karibu, pita ndani!" Akaingia mwanamume mwenye tai, akavuta kiti, akaisogeza kompyuta ya pembeni iliyoachwa wazi na kuanza kuiperuzi. Baada ya muda akakohoa. "Mimi mkaguzi wa usalama. Nimekuja kuamua kama maabara hii iendelee au ifungwe. Mbona hujaniuliza mimi nani?" Sote tukamgeukia Mama Nani. Mama Nani akashusha miwani, akamkagua toka kichwani hadi viatuni. "Toka nje, baba, uingie upya." Ajabu, mtu mzima na tai yake akatoka. Mama Nani akasukuma komeo taratibu.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mkaguzi!"

Akatukonyeza, akapaza sauti: "Hatupo!"