Jino Nililoondoka Nalo Sepuka

Nakumbuka mchana mmoja wa mavuno ya alizeti, mwanangu, nilipokuwa kijana wa miaka kumi na tisa nisiyejua kukaa mahali. Shule niliiacha darasa la tano. Nilibeba magunia kwa baiskeli, leo kijiji hiki, kesho kile. Pale Sepuka, kwenye kiteremko, breki zilikataa. Mtoto wa miaka minne, jina lake Sada, alikuwa anavuka njia na kopo la maji. Nikamgonga.

Aliangukia jiwe. Meno mawili ya mbele, ya juu, yakatoka. Hakulia, na hilo ndilo lililonitisha. Alinitazama tu, damu kidevuni, kana kwamba anajifunza sura yangu.

Bibi yake alikuja, akamwosha, akapekua mchanga. Akapata jino moja.

"Kijana, la pili liko wapi?"

"Sijui, bibi. Labda kuku kameza."

"Kuku wangu hawali meno. Tafuta! Kwetu, mkono uliong'oa ndio unaorusha juu ya paa. Usiporusha, jipya haliji."

Lilikuwa mfukoni mwangu. Nililiokota nione tu mzizi wa jino la mtoto ulivyo, maana udadisi ndio ugonjwa wangu hadi leo. Lakini nilikwisha sema sijui, nikaona aibu kugeuza maneno. Nikarusha lile moja, nikapanda baiskeli. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua miaka mitatu.

Jino nililitia kwenye kisanduku cha kiberiti. Nikiwa Iguguno, saa sita mchana watu wakipumzika kimya, nililisikia: tik. Kisanduku kiko chini, hakuna anayekigusa. Tik. Nilihama kijiji. Likahama nami.

Siku moja nilikwenda zahanati kutibiwa mguu, nikamuuliza nesi kama jino la mtoto linaweza kukataa kuota. Akacheka. Alisema la utotoni likitoka mapema kwa ajali, la ukubwani huweza kuchelewa sana. Maneno yake yalinituliza hadi nilipofika nje. Tik.

Nikashika njia ya Sepuka. Sada alikuwa ameketi uani akichagua maharage, ameipa barabara mgongo.

"Bibi," alisema bila kugeuka, "wa jino langu kafika."

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Umechelewa. Jana huyu kaniambia umelala Unyambwa."

Kweli nilikuwa nimelala Unyambwa. Sikuwa nimemwambia mtu.

Sada akageuka, akatabasamu. Jino moja jipya, pana, na kando yake pengo jeusi.

"Wenzangu wananiita Mlango Wazi," alisema. "Shule nimeacha."

Hapo moyo ulinivunjika, mwanangu. Mimi niliacha shule kwa miguu yangu. Huyu nilimtoa mimi. Nikafungua kisanduku, nikamwomba radhi yeye kwanza, kisha bibi yake, nikarusha. Tulilisikia jino likigonga bati mara moja. Hatukulisikia likibingirika wala kudondoka.

"Kalipokea," Sada alisema.

Nani, sikuuliza. Ndiyo mara pekee niliyoushinda udadisi wangu.

Nilikaa pale kwa mara ya kwanza maishani, nikilima shamba la bibi, mpaka ncha nyeupe ikachungulia na Sada akarudi darasani. Huenda nesi alisema kweli, jino lilikuwa njiani tu. Lakini siku nilipopanda kupigilia bati lililolegea, nilitafuta paa zima. Meno yote mawili hayakuwapo.

Basi nisikilize. Kuumiza mtu kwa bahati mbaya hutokea kwa kila mwenye mikono. Kosa langu halikuwa breki, lilikuwa lile neno "sijui". Ukisema uongo, ugeuze siku hiyo hiyo, aibu ingali ndogo. Na uliyemuumiza, rudi umwone, hata kama hakuna aliyekutuma.

Mungu aliyekupa miguu ya kwendea akupe na ya kurudia, na ukifika ukute mlango ungali wazi.