Kapelo ya Mzee Delbert

Mume wangu, marehemu Stambuli Kondo, hakufukuzwa Marekani. Alikwenda kwa viza ya miezi mitatu, akarudi kabla haijaisha, kwa tiketi aliyokwenda nayo. Wala hakumvua maiti kofia. Kofia ile ilikuwa juu ya jeneza lililofungwa, na aliichukua mchana kweupe, mbele ya watu, mimi nikiwa nimeketi mstari wa pili. Nayaandika haya kwa sababu maneno yalianzia kwenye kahawa pale Msamvu, yakapanda mpaka Kinole, na juzi yamenifikia hitimani, ndani ya nyumba yangu, kutoka kwa mwanamke aliyekuwa anakula pilau yangu.

Stambuli alikuwa mtu wa kawaida, na sioni haya kusema hivyo. Alizaliwa Kinole, kwenye migomba ya ukoo wa mama yake, kama ilivyo desturi ya Waluguru. Alishuka mjini akiwa kijana, akaajiriwa katika kiwanda cha ngozi kule Kihonda, na kila jioni alirudi na harufu ambayo hakuna sabuni iliyoiweza. Mimi nilikuwa mwalimu wa jiografia, sekondari. Wapo ndugu zangu walioniuliza kama wanaume wenye harufu nzuri wamekwisha Morogoro. Niliwajibu kwamba hao wenye harufu nzuri hawanichekeshi. Kiwanda kilipofungwa, wenzake wengi walikaa wakingoja kifunguliwe. Yeye alitafuta vipande vya ngozi, akaketi barazani, akaanza kushona makubazi. Makubazi hayo na mshahara wangu wa ualimu ndivyo vilivyomsomesha Yasmin, mtoto wetu wa pekee, mpaka akawa muuguzi.

Yasmin alipata kazi katika jimbo la Ohio, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Jina la mji silitaji, kwa kuwa bado anaishi huko. Alipojifungua, yeye na mumewe Luqmani walitutumia tiketi tukamlelee mtoto, maana huko mama hapewi muda wa kukaa na mwanawe. Kitanda hakijapoa, anaitwa kazini. Na Yasmin alikuwa bado kwenye majaribio. Kibali chake cha kuishi kule kilishikiliwa na ile kazi. Akiipoteza, wangefungasha yeye, mume na kichanga. Alitueleza hayo siku ya kwanza, tukiwa bado na vumbi la safari.

Sasa, nchi ile nilikuwa nimeifundisha muda mrefu kabla sijaiona. Mwaka hadi mwaka nilichora ubaoni ukanda wa viwanda wa Maziwa Makuu ya Marekani: makaa ya mawe yanatoka huku, chuma kinatoka kule, reli zinakutana hapa, na juu ya kila mji nilichora dohani na moshi. Wanafunzi wangu wamekuwa mahakimu na madaktari wakiwa na moshi ule vichwani. Nilipofika, nilitoka nje asubuhi nikautafuta. Mbingu ilikuwa safi kabisa. Dohani zilikuwapo, ndefu kuliko minara yote niliyowahi kuiona, na ndani yake njiwa walikuwa wametaga.

Nilikwenda maktaba ya mji kuuliza. Hata leo nikikumbuka jambo lile nasisimka. Kijana wa pale hakuniuliza mimi ni nani wala nataka kujua kwa nini. Alinikalisha mbele ya kompyuta, na mji wote ukafunguka mtaa kwa mtaa: watu wangapi, umri gani, wametoka wapi, wanapata nini, nyumba ngapi hazina mtu. Mji ule ulikuwa umepoteza karibu nusu ya watu wake tangu mimi nilipokuwa msichana. Viwanda vya viatu vilikuwa vimefungwa kimoja baada ya kingine, vijana wakahama, wazazi wakabaki wakizeeka. Kisha wakaanza kuingia Wanepali, Wakongo na Wasomali, wakapanga zile nyumba tupu, wakafungua maduka. Mtaa wa kilimani ulipata mara mbili ya kipato cha mtaa wa mtoni, na kati yake ni daraja moja tu. Na mwajiri mkubwa kuliko wote sasa alikuwa hospitali, akifuatiwa na nyumba za wazee. Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Nilikuwa sijawahi kuona mji unaojijua namna ile, mpaka aibu zake.

Jioni nilimsimulia Stambuli. Alinisikiliza akimbembeleza mjukuu.

"Kwa hiyo zamani walitengeneza viatu," akasema, "na sasa wanawatunza waliotengeneza viatu."

Nikamwambia ndivyo.

"Mama Yasmin, kumbe na Wazungu viwanda vinawafia."

Hakusema kwa kufurahi. Alisema kama mtu aliyegundua ana ndugu mahali asipotarajia. Kwetu Morogoro watoto wamejaa mpaka madarasa yanapokezana asubuhi na mchana; kule kulikuwa na baraza nzuri mbele ya kila nyumba, na hakuna wa kuketi. Jambo hilo la baraza lilimsumbua kuliko dohani. Akawa anatoka kutembea, anawasalimia watu ambao hawapo.

Katika kutembea huko, siku ambayo nilifuatana naye, ndipo alipomkuta Mzee Delbert. Alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya nyumba ya wazee anakofanya kazi Yasmin, fimbo mapajani, na kichwani kapelo ya kijani iliyopauka yenye picha ya buti. Alikuwa mzee wa miaka themanini na kitu, mguu wa kushoto mbovu. Akitembea aliurusha nje kwanza, kisha akaufuata huku akikohoa. Hakumtazama Stambuli usoni. Alitazama makubazi. Akanyoosha mkono, na Stambuli akavua moja akampa. Mzee akalikunja, akalinusa, akakwaruza ngozi kwa ukucha, halafu akasema maneno ambayo mimi ndiye niliyetafsiri, maana Kiingereza cha Stambuli kilikuwa cha kuombea maji: ngozi ni nzuri, mshono ni wa mtoto wa darasa la pili. Stambuli akajibu kwamba mabuti aliyoyaona Ohio yameshonwa vizuri sana kwa ajili ya punda. Mzee alicheka mpaka muuguzi akatoka kutazama. Kumbe mzee alikuwa ameshona mabuti katika kiwanda kimoja tangu ujana wake mpaka siku mlango ulipofungwa.

Baada ya wiki mbili hawakunihitaji tena. Stambuli alimfundisha kuitikia shikamoo. Kila asubuhi alisimama mbele ya benchi, akainama kidogo, na Mzee Delbert akajibu "marahaba" kwa sauti nzito ya chifu. Siku nzima walibishana kwa mikono. Stambuli alikuwa anamshonea makubazi, na mzee alikuwa ameahidi kuyakosoa yakikamilika.

Msimamizi wa nyumba ile hakupenda. Siku moja Stambuli alimpelekea mzee ndizi za kukaanga, naye mzee alikatazwa sukari na mafuta. Yasmin akaitwa ofisini, akaambiwa kwamba jamaa zake wakivuruga utaratibu mara nyingine, majaribio hayatapita. Alirudi nyumbani amevimba macho. Baba yake akaahidi kwamba tangu siku ile hatapeleka kitu ila maneno, na aliitimiza ahadi.

Mzee Delbert alifariki juma letu la mwisho kule. Alilala mchana, hakuamka. Makubazi yalikuwa yamebaki kisigino.

Mazishi yao yanafanyika katika ukumbi maalumu, wenye mazulia na maua na muziki wa chinichini. Tulikwenda wote watatu. Luqmani alibaki na mtoto. Viti vilikuwa vingi, watu wachache: msimamizi na wauguzi wawili, wazee kadhaa waliofanya naye kazi, jirani mmoja, na binti yake, Lorna, aliyefika kwa ndege kutoka mbali. Lorna alikuwa amekaa wima kama mtu anayepigwa picha. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyesema. Jeneza lilikuwa mbele, limefungwa, na juu yake ile kapelo.

Stambuli akaninong'oneza, "Watani wake wako wapi?"

Nikamwambia hawana watani hapa.

"Hawana? Sasa nani atamtoa mzee wa watu?"

Wasomaji wa mbali nawaeleza kidogo. Kwetu ukoo una watani wake. Msiba ukitokea, wao ndio wanaokuja kushika kazi, na katikati ya kilio humtukana marehemu, huvaa nguo zake, huiga mwendo wake, huteka kitu chake mpaka wafiwa wakikomboe. Wafiwa hucheka machozi yakiwatoka. Kwa Mluguru, msiba wenye kimya cha namna ile unatisha kuliko kifo chenyewe.

Kabla sijamshika shati alikuwa amesimama. Alikwenda mpaka kwenye jeneza, akainama.

"Shikamoo, mzee."

Akangoja. Ukumbi mzima ukangoja naye, bila kujua unangoja nini.

"Haitikii," akasema, akitugeukia. "Mmemwona? Kalala kwenye sanduku zuri kuliko kitanda changu, basi hatujui tena. Mvivu wewe. Umeona makubazi yanakaribia kwisha, ukakimbia usije ukakiri kwamba ni mazuri."

Yote kwa Kiswahili. Kisha akaichukua ile kapelo, akaivaa, akaurusha mguu wa kushoto nje, akaufuata. Akapita hivyo mbele ya viti, mguu, fimbo isiyokuwapo, kikohozi, mguu. Alikuwa Mzee Delbert mtupu. Mtu wa ukumbi ule, mwenye suti nyeusi, akaanza kuja kumwondoa. Msimamizi alikuwa amesimama. Yasmin alinishika mkono.

"Mama, waambie baba anaumwa. Waambie ni uzee. Nakuomba."

Ingekuwa rahisi. Wangetuonea huruma, tungetoka na heshima ya aina fulani, na Yasmin angebaki na kazi yake. Lakini Stambuli hakuwa mgonjwa, na sikuolewa na mgonjwa. Lorna alikuwa amegeuka, ananitazama mimi, akauliza mumeo anafanya nini. Nikasimama nikamjibu kwa Kiingereza nilichosomea, polepole, ili msimamizi naye asikie.

"Kwetu," nikasema, "mtu anayezikwa bila wa kumtania ni mtu asiye na watu. Mume wangu anasema baba yako ana watu."

Mtu wa suti alisimama pale alipofika. Lorna akamgeukia Stambuli, akaitazama ile kapelo. Halafu akasema, "Mwambie arudie ule mguu."

Stambuli akarudia. Lorna akacheka, mkono mdomoni; kicheko kikamgeukia, akalia kama wanavyolia watu wetu, kwa sauti. Mzee mmoja nyuma akapaza sauti kwamba kikohozi hakikuwa hivyo, akainuka kukionyesha. Mwenzake akasema hata mguu ulizidi ubovu siku za mishahara, kwa sababu ya pombe. Wakaanza kusimulia, huyu akimkatiza yule, na ule ukumbi wa mazulia ukawa msiba wa kweli. Nilitazama nyuso zile, za watu ambao nilikuwa nimewasoma kwenye kompyuta kama asilimia ya wazee wa mtaa wa mtoni, na mwili wote ukanisisimka.

Tulipotoka, msimamizi alimfuata Yasmin. Mwanangu alisimama kama anayengoja hukumu.

"Baba yako anaondoka lini?"

"Jumamosi."

"Mapema mno," akasema. "Nina wazee wengine."

Majaribio yalipita. Yasmin yuko kazini mpaka leo, na anayesema vinginevyo anasema uongo.

Ikabaki kapelo. Nilimweleza Lorna kwamba kwa desturi inabidi aikomboe, hata kwa kitu kidogo, ndipo mtani airudishe. Akasema haikomboi; Stambuli akae nayo. Alidhani anatoa zawadi. Njia nzima ya kurudi nyumbani Stambuli alikuwa ameishika kwa mikono miwili.

"Mtani akiachiwa kitu," aliniambia, "msiba haujaisha. Sasa huu nitaumaliza wapi?"

Ndiyo maana aliivaa. Aliteremka kwenye basi pale Msamvu ikiwa kichwani, na hapo ndipo ndimi zilipoanza. Aliivaa barazani, sokoni, shambani Kinole. Wajukuu wa jirani walipomwomba, aliwapitishia ule mguu, na baada ya muda mji mzima ulijua Stambuli ana mwendo wake wa kuchekesha. Hakuwaambia ni wa nani. Yale makubazi ya mzee aliyamaliza kisigino, akayatundika ukutani, na hakuyauza.

Mwaka jana naye alituacha. Tulimpandisha Kinole, kwa ukoo wa mama yake, mvua ikiwa imetoka kukatika na njia inateleza. Watani wa ukoo walikuwa wametangulia. Mkubwa wao, Kasimiri, aliingia ndani bila hodi, akatoka na kapelo ya kijani kichwani, akaanza kuteremka kuelekea kaburini huku akimtukana marehemu kwa uchoyo wa ngozi. Akarusha mguu wa kushoto nje, akaufuata. Akakohoa. Watu waliangua kicheko, wakasema huyo, huyo, Stambuli mtupu.

Mimi peke yangu nilijua. Mguu ule ulikuwa wa mshona mabuti wa Ohio, aliyekufa katika mji uliobakiwa na watu nusu, akazikwa mbele ya viti vitupu. Na sasa ulikuwa unateremka mlima wa Uluguru, na mlima mzima umejaa watu wanaoucheka na kuulilia.

Baada ya kuzika, Kasimiri alinijia mkono ukiwa wazi, kama inavyopasa. Nami niliikomboa. Misiba yote miwili ikaisha siku ile.

Wanaouliza nilimpa nini, na kapelo ile iko wapi sasa, nawajibu hapa mara moja. Sisemi. Na hitimani kwangu, mwenye swali hilo asije.