Nilinunua Upepo Mara Nne

Bunduki ya upepo ni jina baya. Nasema hivyo mimi niliyenunua nne ndani ya miaka kumi na mitano, tena bila kumsikiliza mtu yeyote mwenye akili. Ukiambiwa kitu ni cha upepo unakidharau. Unakiegesha nyuma ya mlango pamoja na mwavuli. Mgeni akiiona anashtuka, nawe unamtuliza, "Aa, ni ya upepo tu," na hilo neno "tu" linamaliza mazungumzo. Nililisema kwa wageni, kwa mke wangu, na mwisho nikajiambia mwenyewe.

Nilikuwa dereva wa lori. Nilipeleka mahindi Mtwara na kurudi Songea na saruji. Shamba langu liko Matogoro, chini kabisa ya msitu wa mlimani, na ngedere wa mlima ule hawana adabu. Mahindi yakifika hatua ya kuchomwa wanashuka kundi zima. Wanavunja, wanaonja, wanatupa, wanavunja jingine. Kinachouma si kula, ni kule kutupa. Nilijaribu kugonga makopo, nikajaribu sanamu iliyovalishwa koti langu kuukuu, nikajaribu mbwa. Mbwa alipigwa kofi na dume mmoja, na tangu siku hiyo akawa hafukuzi hata kuku.

Ya kwanza niliinunua Mbinga kwa mzee aliyewahi kulinda shamba la kahawa. Ilikuwa ya kukunja mtutu, nzito, imara, na ningekuwa na akili ningeishia pale. Springi yake ilipokatika, fundi pikipiki akaniwekea nyingine anayoijua yeye, ngumu kiasi kwamba kuikunja kulitaka watu wawili. Badala ya kutafuta springi, nikatafuta bunduki. Ya pili niliiona Nakapanya, kando ya barabara, kwa jamaa aliyekuwa akiuza mchele. Sikuijaribu kwa sababu lori lilikuwa linaunguruma na utingo wangu anapiga honi. Nilipofika nayo shambani nikagundua mtutu umepinda. Ukilenga kopo unapiga mgomba.

Ya tatu ilikuwa mpya, ina darubini, nimeagiza kutoka Dar es Salaam. Hiyo niliipenda kupita kiasi. Kwa darubini ile nilimwona ngedere jike mpaka kope zake, na mtoto amemng'ang'ania tumboni, na bado nikafyatua. Hakufa pale pale. Bunduki za namna hii haziui mnyama wa kimo kile, zinamjeruhi tu, akaenda kufia huko juu msituni au akaishi na maumivu, sijui. Sikumweleza mtu. Nilichowaeleza watu ni jinsi darubini inavyovuta karibu.

"Wanaume wenzako wananunua pombe, angalau tunasikia harufu," mke wangu aliniambia. "Wewe, baba, unanunua upepo."

Hakuna hata moja iliyokuwa na karatasi. Sikuwahi kwenda kituoni kuuliza kama ya upepo nayo inataka kibali. Sikuuliza kwa sababu jibu nilikuwa nalijua.

Sasa nimseme mtani wangu. Alikuwa fundi cherehani hapa Lizaboni, mtaani kwetu Songea, nyumba ya tatu kutoka kwangu, Mhehe aliyekuja kutoka Iringa akiwa kijana na hakurudi tena. Mimi ni Mngoni. Babu zetu walipigana, na sisi wajukuu tumerithi ruhusa ya kutukanana bila mtu kununa. Miaka ishirini hatukuwahi kusalimiana kama watu wazima. Nikipita dukani kwake namuuliza mbwa wa jirani kapotelea wapi, maana Wahehe husingiziwa kula mbwa. Akipita kwangu anauliza kama bado tunakimbilia nchi za watu. Nilikuwa na ndugu wa damu, lakini habari zangu za kweli, za homa na za mtoto aliyefeli, nilimpelekea yeye, na alikuwa ananipokea kwa mzaha mpaka napata nafuu.

Bunduki ya nne ilikuwa ya kupampu kwa mkono. Unaweka kijirisasi cha ukubwa wa punje ya mtama, unasukuma mkono wa pampu mara kadhaa, upepo unajaa ndani, unafyatua. Niliichukua kwa dereva mwenzangu kwa bei ya kutupa, na nilipaswa kujiuliza kwa nini anaitupa.

Ilikuwa Jumapili. Asubuhi, kabla ya misa ya pili, nilipita shambani. Niliweka kijirisasi, nikapampu mara nane, nikamlenga ngedere juu ya uzio. Nilipofyatua nikasikia "fyuu", kapumzi kadogo, na ngedere akaendelea kutafuna. Nikajua wosha, kile kipande cha ngozi kinachozuia upepo, imechoka na upepo umevujia ndani. Kuhusu kijirisasi, nilidhani kimedondoka hapo hapo miguuni kwangu. Sikuchungulia mtutu. Sikupitisha hata waya.

Mchana, nyumbani, niliifungua, nikakata wosha mpya kwenye ulimi wa kiatu cha zamani, nikailoweka mafuta, nikafunga. Nilikuwa nimekaa kibarazani nikijiona fundi, ndipo mtani akaingia na suruali yangu begani, ameipunguza kiuno.

"Hodi Wangoni! Nimekuja na njaa."

"Mbwa tumeshamhamisha tangu tuliposikia harufu ya Mhehe," nikamjibu.

Mke wangu, aliyekuwa anachambua mboga, akaanza kucheka kabla hata hatujafika mbali. Mtani akaiona bunduki.

"Bado unayo hiyo pampu ya baiskeli? Babu zako walitoka huko kusini na mikuki, nchi nzima inawaogopa. Mjukuu wao kashindwa na ngedere!"

"Unaidharau?"

"Sasa nijazie tairi basi. Baiskeli yangu iko hapo nje."

"Nitakujaza wewe mashavu, unenepe."

Nikapampu mara tatu. Nilitaka kumpulizia upepo usoni, nimwone akipepesa macho. Yeye akavimbisha mashavu yote mawili, akanisogezea uso kutoka upande wa pili wa kibaraza, na mimi nikaelekeza mtutu, nikafyatua.

Hakupiga kelele. Alisema "Aa," kwa sauti ya mtu aliyekumbuka kitu, akakaa chini, mkono umefunika jicho la kulia. Suruali yangu ilikuwa bado begani kwake. Mke wangu ndiye aliyekimbia kuita bajaji. Mimi nilibaki nimesimama na kile kitu mkononi, nikisema hakuna kitu humo, hakuna kitu humo.

Hospitali walituuliza kimetokea nini. Nilifungua mdomo, nakumbuka kabisa kwamba nilifungua mdomo. Yeye akaniwahi.

"Sindano ya cherehani imekatika, ikaniruka," alisema.

Nikaufunga mdomo. Siku ya pili, jicho likiwa limeshaondolewa bila daktari kuuliza zaidi, nilimuuliza mtani kwa nini alisema vile. Alikuwa amelala chali, nusu ya uso imefungwa bandeji.

"Ulitaka niwaambie Mngoni kanishinda? Kwetu Iringa wangenikataa," alisema. Kisha akaongeza taratibu, "Wangekufunga, mtani. Na mimi nitakushitaki vipi, na tulikuwa tunataniana?"

Nilimshukuru Mungu. Sikumshukuru yeye, nilimshukuru Mungu kwamba sifungwi, na aibu ya shukrani ile ninayo mpaka leo. Usiku ule ule bunduki ya nne niliitumbukiza chooni. Zile nyingine nilizipeleka kituoni baadaye, lilipotoka tangazo la kusalimisha silaha bila kuulizwa maswali. Kweli hawakuniuliza, nami sikusema.

Nilichokuwa sijakifikiria ni kwamba uongo wake ulikuwa juu ya kazi yake. Mtaani akawa fundi aliyejitoboa jicho kwa cherehani yake mwenyewe. Watu si wabaya, lakini nani anampelekea fundi wa namna hiyo kitambaa cha harusi? Sare za shule zikaanza kwenda kwa mafundi wengine. Na kwa jicho moja umbali ulimpotea. Alikuwa anaupeleka uzi pembeni ya tundu la sindano, mara moja, mara mbili, mara tano, hadi mkewe anamtungia. Nikampelekea magunia ya mahindi. "Masalia ya ngedere haya," alisema, akacheka, na kila nilipoanza kuomba radhi alinikata kwa mzaha. Niliuacha mzaha ule unisaidie. Nilikuwa nakwenda kwake nimejipanga kusema, natoka nimechekeshwa, na njiani nasikia nafuu.

Siku moja nilikuwa dukani kwake, nimekuja kuchukua shati. Akaingia mama mmoja kulalamikia gauni lililoshonwa kombo.

"Ndiyo maana jicho lilikutoka, fundi," yule mama alisema. "Wewe huna umakini."

"Ni kweli, mama. Ni uzembe wangu," alijibu.

Kisha akageuza kichwa akanitazama. Hakutazama kwa hasira. Alikuwa anasubiri, na nilijua anasubiri nini, na sentensi yenyewe ilikuwa fupi. Mama yule alikuwa mlangoni akikunja gauni lake, ana muda wa kutosha kusikia. Mimi nikashika shati langu nikaanza kukagua vifungo. Mtani akarudi kwenye cherehani, akaendelea kukanyaga.

Baada ya hapo mzaha ulipungua. Nilijiambia ni uzee.

Mwaka jana mama yangu alifariki, tukamzika nyuma ya shamba la Matogoro. Kwetu watani wana kazi yao msibani. Wanaficha majembe, wanakalia udongo, wanamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, mpaka wafiwa wawalipe jogoo. Bila wao msiba unalemea. Wahehe wa mjini walikuja, na mama mmoja mnene akajilaza kando ya kaburi akisema hazikwi mtu mpaka Wangoni warudi kwao. Dada zangu walicheka huku wanalia. Mimi nilikuwa namtafuta mmoja kwa macho. Nilimhitaji aje anitukane, aniambie mama amekufa kwa kuchoka kunilea. Ningejua bado ninaye.

Alikuwa ameketi na majirani, amevaa koti, kofia mapajani.

"Mhehe mwenzetu!" yule mama akamwita. "Njoo ushike jembe! Si ndiye mtani wako huyu?"

Akainuka. Alikuja polepole, akiangalia anapokanyaga, akanipa mkono.

"Pole kwa msiba, mzee," alisema. Hakuwahi kuniita mzee. Kisha akamgeukia yule mama. "Mimi si mtani wake. Mimi ni jirani."

Pale kaburini palilipuka kicheko. Waliona ndiyo mzaha mkali kuliko yote ya siku ile, Mhehe kumkana Mngoni mbele ya kaburi. Yule mama alijipiga mapaja. Yeye hakutabasamu. Alirudi akaketi mahali pake, akaweka kofia mapajani. Watu wakanigeukia kuona Mngoni atajibu nini, na mimi, kwa sababu walikuwa wananitazama, nikacheka pamoja nao.