Mpiga Mandolini Aliyeficha Uso

Mjukuu wangu ameleta nyumbani mandolini kuukuu, kile kigitaa chenye mgongo wa mviringo, na harufu yake ya vanishi imenirudisha uwanja wa misheni, enzi zile askari wa mkoloni walipokuwa wamekizungushia kijiji chetu seng'enge, wakiwasaka wapiganaji wa msituni.

Padri Mwitaliano alituandalia mchezo wa kuchekesha wa kwao. Akatokea mtu akiigiza mtumishi mlafi, kavaa kinyago cheusi cha ngozi, mandolini kifuani. Kila alipokwaruza nyuzi, alimtikisia kichwa mmoja wetu.

Hakuna aliyecheka. Siku za msako askari walitupanga mstari mbele ya msaliti aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho. Akikutikisia kichwa, unapandishwa lori kwenda kizuizini.

"Inama," Mama akaninong'oneza. "Usimwangalie huyo."

Padri alipoona tumeinama sote, akamvua yule mtu kinyago haraka. Alikuwa mpishi wake, jirani yetu, anatabasamu huku jasho linamtiririka.

"Kumbe yule wa gunia ni huyu; kichwa anakitikisa vilevile," Mama akasema.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeitikia salamu yake tena.

Mjukuu wangu anapiga vizuri. Ila nimemwambia, "Piga tu, lakini kichwa kitulie."