Majani kwenye Njia za Kando

Kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu. Naifanyia nyumbani, mtaa wa Ipuli, na mchoraji alikuwa mume wangu. Alichorea kwenye kompyuta, michoro ya mistari, ile ambayo hata ukiikuza ijae ukuta haififii. Ila programu yangu ya kupangia kurasa haiipokei ilivyo. Lazima kwanza niigeuze kuwa PDF. Tuligombana sana juu ya hilo. Mimi nilidai mafaili yake ni machafu. Yeye alidai sina macho.

Alifariki akiwa amemaliza ramani ya njia ya zamani ya misafara, ya kitabu cha mwalimu mstaafu wa Gongoni. Miezi minne sikuweza kulifungua faili lile. Siku nilipothubutu kuligeuza, majina ya vijiji yalitoka visanduku vitupu, nikahangaika nayo mpaka yakakaa sawa. Kisha nikaona vijistari vidogo vimekatiza kila njia inayochepuka kutoka njia kuu. Nikacheka peke yangu: huyu bwana hata kaburini ananiachia uchafu. Nikavifuta vyote kwenye faili lake lenyewe, nikahifadhi juu yake, na mchoro wake wa mwanzo ukapotea humo humo.

Mwalimu alikuja kuhakiki.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama." Aliitazama ramani kwa muda mrefu. "Mbona majani siyaoni?"

"Majani gani?"

"Wapagazi wa mbele walikuwa wanaweka majani kwenye njia za kando, ili wa nyuma wasipotee. Nilimwomba mwenzio ayachore."

Ndipo nikavijua vile vijistari, maana desturi ile naijua. Tulipokuwa tukienda kijijini kwa wazazi wake, yeye alitangulia na baiskeli na mizigo, mimi nikafuata kwa miguu. Kila njia panda nilikuta tawi bichi limelazwa upande usio wetu. Miaka yote ile nililipita, wala sikuwahi kumwambia asante.

Nilitafuta nakala kwenye kompyuta yake, kwenye flashi, kwenye barua pepe. Haikuwepo. Nililia, kisha nikakaa kuyachora mwenyewe, jani moja moja, kwa mkono usiojua kuchora. Yalitoka makubwa na yamepinda. Mwalimu aliyapokea hivyo hivyo, nadhani kwa huruma.

Kitabu kimetoka sasa. Juzi baada ya ibada mama mmoja wa kwaya alinionyesha ule ukurasa. Alisema marehemu alikuwa na mkono mzuri, ila majani yalimshinda.

"Ndiyo," nikamjibu, "yalimshinda."

Nikarudi nyumbani, nikafungua mlango, na hapakuwa na mtu wa kunibishia.